Tenki la samaki wa maji ya chumvi liwe la lita ngapi? Hapo kuna maswali mawili yamejificha ndani ya moja

Mtu akitaka kuanza kufuga samaki wa baharini ndani ya nyumba kitu cha kwanza anachouliza ni lita ngapi zinatosha, na majibu anayopata yanagongana vibaya. Huyu anamwambia anza na dogo ujifunze kwanza, yule anamwambia dogo litakumalizia samaki chukua kubwa kadri ya uwezo wako, wa tatu anamtajia namba kabisa, lita 100 basi inatosha, wa nne anasema achana na lita angalia urefu wa kioo. Mwisho wa siku mtu anachagua jibu lililomfurahisha, na mara nyingi linakua lile la tenki lililopo tayari.

Ukiwasikiliza vizuri hao wote wana ukweli fulani, tatizo kila mmoja anajibu swali lake. Ukisema "lita ngapi" unauliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la maji yenyewe, yaani je haya maji ni mengi kiasi cha kutoyumba haraka, chumvi, joto, uchafu na oksijeni. La pili ni la nafasi, je huyu samaki akishakua mtu mzima ataogelea wapi, atageukia wapi, na jirani yake akimfukuza atakimbilia wapi. Lita zinajibu la kwanza vizuri tu, la pili zinalijibu vibaya sana, na samaki wengi wanateseka kwenye huo mwanya uliopo katikati. Ndo maana nataka tuyatenganishe hayo mawili mpaka kila moja lisimame peke yake.

MAJI KWANZA

Samaki wa kwenye matumbawe ametoka mahali ambapo maji hayana haraka. Chumvi ya bahari inakaa kwenye gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, inazunguka 8.1 hivi, joto nalo linapanda na kushuka taratibu kwa majira. Miili yao haijazoea kuyumbishwa, na matumbawe yenyewe ndo kabisa. Kwahiyo kazi ya maji mengi ni kuchelewesha mabadiliko. Hayazuii tatizo lisitokee, yanalipunguza kasi ili wewe uwahi kuliona na kulirekebisha kabla samaki hajalipia.

Tufanye hesabu kidogo maana hapa namba zinaongea vizuri kuliko maneno. Chukua tenki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hilo ni lita 54. Sasa kila upande uzidishe mara mbili, 120 kwa 60 kwa 60, unapata lita 432. Angalia kilichotokea, eneo la juu ya maji limeongezeka mara 4 lakini ujazo umeongezeka mara 8. Maji yanavukia kupitia lile eneo la juu, na yanayoondoka ni maji matupu, chumvi yote inabaki ndani. Tuseme lile dogo linapoteza lita 1 kwa siku na lile kubwa lita 4. Ukisafiri siku 3 hujajazia, dogo limebaki na lita 51 na chumvi imetoka 35 imefika 37, kubwa limebaki na lita 420 na chumvi iko 36. Kubwa limepoteza maji mara nne zaidi ila limeyumba nusu tu. Na siku 3 ni kidogo, ipe wiki hiyo safari uone. (Kujazia kilichovukia ni kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kuna watu wanajazia ya chumvi wakidhani ndo sahihi afu chumvi inapanda kila siku mpaka samaki wanaanza kulala pembeni na hawaelewi kwanini.)

Uchafu ndo hivo hivo. Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe, chakula kilichobaki kinaoza kinatoa amonia, samaki aliyekufa nyuma ya jiwe bila wewe kujua anatoa amonia nyingi zaidi. Bakteria walioko kwenye mawe na mchanga wanaigeuza kuwa nitriti, afu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali sana. Hao bakteria wanahitaji muda wa kuzaliana, kwa kawaida wiki 4 mpaka 6 kwa tenki jipya, na mzigo ukija ghafla hawauwezi wote kwa siku moja. Samaki yule yule aliyekufa kwenye lita 54 anaacha amonia kali mara 8 kuliko angekufa kwenye lita 432, hakuna ujanja hapo ni kugawanya tu. Afu kuna jambo ambalo wanaotoka kwenye samaki wa maji yasiyo na chumvi hawalijui, pH ya bahari iko juu, na pH ikiwa juu sehemu kubwa zaidi ya amonia inakaa kwenye ile hali yake ya sumu. Kwenye pH ya 8.2 hiyo sehemu ya sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile unayoipata kwenye pH ya 7. Kwahiyo kosa ambalo samaki wa mtoni angelivumilia, wa baharini anaweza asiamke nalo.

Na oksijeni. Maji ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji ya kawaida, kwenye joto la nyuzi 25 ni kama miligramu 6.7 kwa lita ukilinganisha na 8.2. Umeme ukikatika pampu zikasimama, wote waliomo wanaanza kuvuta kwenye akiba iliyopo, na akiba yenyewe ni ujazo wa maji. Joto nalo hivo hivo, maji mengi yanapoa na kupata joto taratibu, chumba kikiwa na joto mchana na baridi usiku tenki dogo linafuata chumba, kubwa linachelewa nyuma.

Ukishaelewa hayo unaelewa kwanini ule ushauri wa "anza na dogo ujifunze" unanisumbua. Dogo ndo linataka mtu anayejua tayari, mtu anayepima chumvi kila siku bila kukumbushwa na anayeona samaki amebadilika kabla hata ya kipimo. Anayeanza ndo anayehitaji muda wa kukosea na kurekebisha, na muda huo unapatikana kwenye ujazo. Kwa maoni yangu anayeanza aangalie kati ya lita 200 na 300, yaani tenki la urefu wa sentimita 90 mpaka 120. Chini ya hapo inawezekana, nitakuja huko, ila usiambiwe ni rahisi.

LITA ZA KWENYE KIBANDIKO SIO LITA ZA MAJI

Hapa nipite haraka lakini usipaache. Tenki la 120 kwa 50 kwa 50 linauzwa kwa jina la lita 300 maana ukizidisha ndo unapata hivo. Sasa toa unene wa kioo, kikiwa cha milimita 10 ndani unabaki na 118 kwa 48. Toa sentimita 4 za juu ambazo hujazi. Hapo uko kwenye lita 255. Weka mchanga wa sentimita 4 na mawe kilo 25 hivi, vinasukuma maji nje, unaishia kwenye lita 225 mpaka 230. Karibu robo imepotea na hujaingiza hata samaki mmoja. Kwahiyo hesabu zako zote, za dawa, za kubadilisha maji, za samaki wangapi, zifanye kwa maji yaliyomo kweli. Njia nzuri ni kuhesabu ndoo siku unapojaza mara ya kwanza, andika mahali usipoteze. Dawa iliyopimwa kwa lita 300 ukaimwaga kwenye 225 umezidisha kwa theluthi nzima.

NAFASI, AMBAKO LITA ZINADANGANYA

Kama una sampu, lile tenki la pili linalokaa chini kwenye kabati ambako maji yanashuka yanachujwa yanarudishwa juu na pampu, basi tayari una mfano mzuri wa tofauti ninayoisema. Ukiongeza sampu yenye lita 60 za maji umeongeza ujazo kweli, chumvi itayumba pungufu, amonia itakua nyepesi, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) na hita zina pa kukaa. Swali la kwanza umelijibu vizuri kabisa. La pili hujaligusa, maana hakuna samaki anayeshuka kwenda kuogelea kwenye kabati. Mtu anaposema "nina lita 400 kwa ujumla" ili ahalalishe samaki mkubwa, uliza lita 400 ziko wapi. Ni sawa na kumfungia mbuzi kwenye banda asiloweza kugeuka afu ukamletea majani mabichi kila asubuhi, chakula kizuri ndio, ila banda ni lile lile.

Nafasi inaanzia kwenye ukubwa wa samaki akiwa mzima. Sio ukubwa wa siku unamnunua. Wengi wanauzwa wakiwa watoto kabisa, na hapa ndo pananiuma kweli. Kuna chewa mmoja mweupe mwenye madoa meusi, Cromileptes altivelis, akiwa na sentimita 6 anaogelea kwa kupepea kama kitambaa, mtu akimuona hawezi kumuacha. Huyo anafika sentimita 70. Kangaja wa bluu, Paracanthurus hepatus, watoto wanampenda kuliko wote na anauzwa akiwa na ukubwa wa sarafu, anafika sentimita 31. Kangaja wa njano, Zebrasoma flavescens, anafika 20. Kitatange mfalme, Pomacanthus imperator, anafika 40, na akiwa mdogo ana mistari ya mviringo ya bluu na nyeupe hata hafanani na mkubwa, mtu anaweza kumnunua bila kujua amenunua nani.

Utasikia mtu anasema usiogope samaki anakua kulingana na tenki. Hapana. Samaki hana kipimo kichwani kinachomwambia kioo kiko wapi asimame kukua. Kinachotokea ni kwamba kwenye tenki dogo uchafu unajaa, anakula chini ya msongo, anafukuzwa hana pa kukimbilia, mwili unadumaa, kinga inashuka, na ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na Cryptocaryon irritans unamkuta akiwa dhaifu. Kangaja wote wana sifa ya kuugua huo ugonjwa haraka wakibanwa. Samaki aliyedumaa anaonekana "ametosha" kwenye tenki kwa sababu anaishi miaka michache tu na hafiki ukubwa wake, wakati makangaja wakitunzwa vizuri wanaishi miaka mingi sana, zaidi ya kumi.

Ile kanuni ya kusema sentimita moja ya samaki kwa lita kadhaa nayo iache, ilitokea kwa wafugaji wa samaki wadogo wadogo wa maji yasiyo na chumvi na hata kule inafanya kazi kwa shida. Mwili unakua kwa pande tatu, urefu, upana na kimo. Samaki wa sentimita 20 hana uzito mara mbili ya wa sentimita 10, ana uzito kama mara 8. Kumi wa sentimita 2 wakijipanga wanafika urefu wa mmoja wa 20, ila yule mmoja ana nyama mara 100 ya wote kumi kwa pamoja, na anakula na kuchafua zaidi sana kuliko hao kumi.

Mimi nikipima nafasi ya samaki anayeogelea mchana kutwa nachukua urefu wake wa utu uzima nazidisha kwa 6, hiyo ndo urefu wa chini wa tenki, na upana wa mbele kwenda nyuma usipungue mara mbili ya urefu wake ili ageuke bila kukunja mwili. Kangaja wa njano wa 20 anapata tenki la 120 kama chini kabisa, kangaja wa bluu wa 31 anapata 180 na ushee, kitatange mfalme anapata 240. Sio sheria ya mtu yeyote, ni njia ya kufikiri, lakini jaribu uone inavyokuondolea ubishi. Tenki refu na fupi kwa kimo linampa huyu samaki maisha, tenki la lita zile zile lililosimama kama mnara linampa mahali pa kupanda na kushuka tu.

Sasa hiyo hesabu inafaa kwa waogeleaji, na sio wote ni waogeleaji, hapa ndo panataka kukaa kidogo.

Mkunga mdogo yule mwenye madoa kama theluji, Echidna nebulosa, anaweza kuzidi sentimita 60 na kuna wanaofika 100. Kwa hesabu ya mara 6 angetaka tenki la mita nyingi, lakini huyu siku nzima kajificha kwenye mawe kichwa tu ndo kinaonekana. Anachotaka ni mapango, mfuniko usio na upenyo hata wa kidole maana anatoka, na maji mengi kwa sababu anakula nyama na uchafu wake ni mzito. Lita 300 zinaweza kumtosha. Kwake yeye swali la maji ni kubwa kuliko la nafasi.

Geuza upande wa pili. Kuna samaki wadogo wa jamii ya damseli, kwa mfano yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus. Anauzwa mdogo, mgumu hafi ovyo, kwahiyo anapewa watu wanaoanza. Akikua kidogo anajitangazia eneo na kila anayepita anang'atwa. Kwenye tenki fupi eneo lake ni tenki zima, wengine wote wanabanwa kwenye kona ya juu karibu na hita. Huyo mwili wake ni mdogo ila anataka nafasi kubwa, na nafasi yenyewe sio kwa ajili yake, ni kwa ajili ya wenzake wamkimbie wapotee machoni pake. Ndo maana mawe yaliyopangwa yakakata tenki katikati yanaweza kupunguza vita kuliko lita 50 za ziada, maana samaki asiyemuona mwenzie hamfukuzi.

Afu kuna mandarini, Synchiropus splendidus, sentimita 6 au 7 tu, rangi zake hakuna samaki mwingine anazo. Haogelei sana, anatembea tembea juu ya mawe anadonoa. Mtu anasema huyu mdogo mtulivu lita 60 zinamtosha. Lakini anachodonoa ni wadudu wadogo sana wa kwenye mawe, wale kopepodi, na anadonoa mchana kutwa, wengi wao hawataki kabisa chakula cha kumwagiwa. Kwenye tenki dogo anawamaliza ndani ya wiki chache afu anaanza kukonda tumbo linaingia ndani, na mwenye tenki anashangaa mbona chakula naweka. Huyu anataka tenki lenye mawe mengi, lililokaa miezi mingi likakomaa, na mimi singemuweka chini ya lita 200. Hapo lita hazihesabu maji wala sehemu ya kuogelea, zinahesabu shamba lake la chakula.

Unaona sasa kwanini hakuna namba moja. Ukubwa wa mwili, mwendo, ugomvi na chakula, kila kimoja kinavuta upande wake, na samaki wawili wenye urefu sawa wanaweza kutaka matenki tofauti kabisa.

KUBWA NALO LINA MWISHO WAKE

Sijasema hayo yote ili mtu akimbilie tenki la lita 1000. Lile la 120 kwa 50 kwa 50 tulilolihesabu, kioo chake peke yake ni kilo 57 hivi, maji yaliyomo kilo 235 maana maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya kawaida, mawe na mchanga karibu 60. Hiyo ni kilo 350 juu ya stendi, weka stendi yenyewe na sampu yenye maji unapita 450. Sakafu ya chini iliyomwagwa zege haina wasiwasi, ila ghorofani au kwenye sakafu ya mbao uliza fundi anayejua jengo lile kabla hujanunua chochote, na meza ya kawaida ya sebuleni isahau kabisa. Stendi iwe imenyooka, kioo kikikaa kwenye sehemu moja iliyoinuka kinapasuka pale pale.

Kimo kina mambo yake. Msukumo wa maji kwenye kioo unategemea kina cha maji, sio lita, kwahiyo tenki la kwenda juu linataka kioo kinene zaidi hata kama ujazo ni ule ule. Mwanga unapungua ukishuka chini, matumbawe ya chini yanataka taa kali zaidi. Na mkono wako, pima mkono wako jamani, tenki likizidi kina cha sentimita 60 kila kitu kilichoanguka chini kinakua safari. Eneo la juu ya maji ndo mlango wa oksijeni, tenki jembamba na refu kwenda juu lina mlango mdogo kwa samaki wengi. Yale mabakuli ya duara na mitungi ya silinda kwa samaki wa baharini mimi nayakataa moja kwa moja.

Kazi ya kila wiki nayo. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji, kwa lita 54 ni lita 5, ndoo moja na chumvi gramu 190 hivi unamaliza kabla chai haijapoa. Kwa lita 432 ni lita 43, yaani ndoo mbili kubwa za kuchanganya, kilo moja na nusu ya chumvi kila mara, na maji ya kuchujwa ya kiasi hicho yawe yameandaliwa tayari. Mtu ambaye hana mgongo wala muda wa hilo ataanza kuruka wiki, na tenki kubwa lililoachwa miezi linaoza taratibu vile vile, linachelewa tu kuonyesha. Tenki lako liishie pale ambapo uko tayari kubeba maji hata siku umechoka.

Sampu ukiiweka, ipimie nafasi ya kupokea maji yanayorudi umeme ukikatika. Pampu ikisimama maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike chini ya mdomo wa bomba la kushushia, na yale yaliyomo kwenye mabomba yanarudi pia. Sampu iliyojazwa mpaka juu kwa tamaa ya lita itamwaga sakafuni. Zima pampu kwa makusudi siku ya kwanza uangalie yanaishia wapi, chora alama, usijaze kupita hapo.

SASA UNACHAGUAJE

Anza na samaki, kwenye karatasi, kabla ya kugusa kioo. Andika wale unaowataka kweli, mbele ya kila mmoja andika urefu wake wa utu uzima, anaogelea au anakaa, anagombana na nani, anakula nini. Yule anayetaka nafasi kubwa kuliko wote ndo anayeamua urefu na upana wa tenki. Jumla yao wote na uchafu wao ndo inaamua lita, pamoja na sampu. Ukikuta yule mkubwa anataka tenki ambalo sakafu, chumba au mgongo wako hauliwezi, mfute yeye, usilipunguze tenki. Ile ahadi ya "nitamhamishia kwenye kubwa akikua" mimi nashauri usiihesabu. Tenki kubwa halijaja bado, samaki anakua leo.

Kama mpango ni matumbawe magumu basi ujazo una sababu moja zaidi, yanavuta kalsiamu na alikalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) kutoka kwenye maji kila siku ili yajenge mifupa yao, kwenye maji kidogo viwango vinashuka mchana na wewe unavipandisha jioni, na huko kuyumba ndo yanakufia. Anemoni, yule mnyama laini mwenye mikono kama ua, naye anataka tenki lililotulia, wengi wanasubiri mwaka mzima kabla ya kumuweka na ni busara.

Matenki madogo, ya chini ya lita 100, yana watu wake na yanaweza kua mazuri kupita kiasi. Yanataka kifaa cha kujazia maji chenyewe kinachofidia kinachovukia, mfuniko au wavu, hita inayoaminika, mkono mwepesi wa kulisha na samaki wachache mno. Faida yake moja ya kweli ni kwamba kitu kikiharibika unaweza kubadilisha nusu ya maji kwa ndoo mbili, jambo ambalo mwenye lita 400 haliwezi kirahisi. Samaki wa kweli wa humo ni gobi wadogo, yule Gobiodon wa njano asiyezidi sentimita 6 anakaa juu ya tawi la tumbawe siku nzima, au gobi anayeishi shimo moja na kamba mpiga risasi, kamba anachimba gobi analinda mlango. Hao tenki dogo kwao ni makazi kamili, ukiwaweka kwenye lita 600 hutawaona hata.

Na kama tenki umeshanunua, tuseme ni lile la 60 kwa 45 kwa 45, lita 120 kwenye kibandiko na labda 90 za maji ndani, wala hujapoteza. Hapo wanaingia klaunfishi wawili, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe, aina ya Amphiprion ocellaris, hao hawaendi mbali na sehemu waliyoichagua kwahiyo urefu wa 60 hauwabani. Ongeza gobi mmoja na kamba wake, na mwingine mmoja mtulivu, mfano yule wa moto Nemateleotris magnifica, ila huyo anaruka nje akishtuka kwahiyo wavu juu ni lazima. Waingize mmoja mmoja, wapishe wiki mbili au tatu katikati ili bakteria wafikie mzigo, wapole watangulie na klaunfishi wawe wa mwisho, maana wakitangulia wao watamsumbua kila anayekuja. Wakishafika wanne funga mlango. Kangaja hapana, hata akiwa na sentimita 5.